Ulinganifu Unaoponyoka: Anomali za Kwanta na Fermioni Kwenye Latisi

Kuna chembe iitwayo pioni isiyo na chaji. Ikizaliwa, huishi kwa takriban sekunde 8.4 × 10⁻¹⁷, kisha, karibu mara 99 katika kila 100, huvunjika na kuwa fotoni mbili, yaani chembe mbili za mwanga. Katika miaka ya 1960 jambo hili liliwasumbua sana wananadharia. Mwaka 1967 David Sutherland na Martinus Veltman, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kama ulinganifu fulani wa kwaki, chembe zinazoiunda pioni, ni wa kweli, pioni haipaswi kuvunjika hivyo, au ifanye hivyo kwa nadra mno. Maabara zilisema inavunjika, tena upesi.

Ufumbuzi ulikuja 1969. Stephen Adler nchini Marekani, na John Bell pamoja na Roman Jackiw katika kituo cha utafiti cha CERN barani Ulaya, waligundua kwamba ulinganifu ule umo ndani ya milinganyo ukiiandika kwa fizikia ya kawaida, lakini ukishaingiza kwanta, yaani sheria za chembe ndogo mno, unatoweka. Hakuna aliyekosea hesabu, wala hakuna nguvu mpya iliyosahaulika. Milinganyo inaahidi kitu ambacho maumbile ya kwanta hayawezi kukitimiza. Hali hiyo ndiyo inayoitwa anomali.

Mara nyingi anomali hufundishwa kwa michoro ya pembetatu, inayotumiwa kukokotoa jinsi chembe zinavyoathiriana, na jumla zisizo na kikomo, na msomaji huishia kuamini kwa sababu ameambiwa aamini. Mimi nashikilia kwamba iko njia iliyo wazi zaidi. Ukiziweka fermioni, yaani chembe za jamii ya elektroni na kwaki, kwenye latisi, yaani kwenye nukta zilizopangwa kwa umbali sawa badala ya nafasi isiyo na mapengo, unaweza kuiona anomali inatoka wapi na inapita njia gani. Wengi huihesabu latisi kuwa hila ya kompyuta tu. Naona wanaipunja.

Kulia na kushoto

Tuanze na Emmy Noether. Mwaka 1918 mwanahisabati huyo Mjerumani alithibitisha kwamba kila ulinganifu endelevu wa sheria za maumbile una kitu chake kinachohifadhiwa. Sheria zikiwa zilezile leo na kesho, nishati huhifadhiwa. Zikiwa zilezile Mwanza na Bukoba, momenta, yaani kiasi cha mwendo, huhifadhiwa. Chaji ya umeme nayo ina ulinganifu wake unaoilinda.

Fermioni ni chembe kama elektroni, kwaki na nyutrino. Zina sifa mbili tunazozihitaji hapa. Ya kwanza ni kanuni ya Pauli: fermioni mbili haziwezi kukaa katika hali moja ya kwanta. Ya pili ni spini, mzunguko wa asili ambao chembe haiwezi kuuacha. Spini ikielekea upande uleule chembe inakokwenda, tunasema chembe ni ya mkono wa kulia. Ikielekea kinyume, ni ya mkono wa kushoto. Chembe yenye tungamo unaweza kuipita kwa kwenda kasi zaidi yake, na ukishaipita utaiona inarudi nyuma, hivyo mkono wake utabadilika machoni pako. Isiyo na tungamo huenda kwa kasi ya mwanga, hakuna awezaye kuipita, na mkono wake ni mmoja kwa kila mtazamaji.

Milinganyo ya fermioni zisizo na tungamo basi inaahidi hifadhi mbili. Idadi ya za kulia ukijumlisha za kushoto haibadiliki. Hiyo ndiyo chaji ya kawaida. Na idadi ya za kulia ukitoa za kushoto nayo haibadiliki. Tuiite chaji ya mkono. Ahadi hii ya pili ndiyo inayovunjwa, na ulinganifu unaoilinda, tuuite ulinganifu wa mikono, ndio ule wa kisa cha pioni.

Ili kuona jinsi inavyovunjwa, chukua ulimwengu wenye kipimo kimoja, mstari mtupu. Fermioni isiyo na tungamo humo huenda kulia au kushoto, basi. Chora grafu ya nishati dhidi ya momenta. Kwa zinazokwenda kulia utapata mstari unaopanda, kwa zinazokwenda kushoto utapata unaoshuka, na yote miwili inakatana kwenye sifuri kama herufi X. Kila nukta kwenye mistari hiyo ni nafasi moja ambayo fermioni moja tu yaweza kukaa. Kwa mujibu wa Paul Dirac, katika ombwe nafasi zote za chini ya sifuri zimejaa na zote za juu ziko tupu.

Sasa washa uga wa umeme. Uga unasukuma momenta ya kila chembe upande mmoja, polepole, zote kwa pamoja. Kwenye mstari unaopanda, chembe zilizokuwa chini ya sifuri zinavuka na kutokeza juu: tumepata fermioni mpya za kulia. Kwenye mstari unaoshuka, zilizokuwa karibu na sifuri zinazama na kuacha nafasi tupu juu yake: tumepungukiwa na za kushoto. Kulia wameongezeka kwa kadiri ileile ambayo kushoto wamepungua. Jumla haikuguswa, lakini tofauti imebadilika mara mbili ya kadiri hiyo. Chaji ya mkono haikuhifadhiwa, na kasi ya mabadiliko yake inategemea ukubwa wa uga, chaji ya chembe, urefu wa mstari na kiwango kisichobadilika cha Planck tu. Katika ulimwengu wetu wa vipimo vitatu hadithi ni hiyohiyo, ila unahitaji uga wa umeme na uga wa sumaku vielekee upande mmoja.

Mmoja wa vijana waliomaliza kidato cha sita ninaosoma nao fizikia jioni hapa Nyegezi, Mwanza, aliitazama grafu hiyo kwa muda, kisha akauliza: "Mwalimu, hizo za kulia zimetoka wapi?"

Ndilo swali lenyewe. Katika nafasi isiyo na mapengo hakuna jibu la kuridhisha. Mstari wa nafasi zilizojaa unateremka bila mwisho. Kila chembe imepanda kidogo, na huko chini hakuna upungufu unaoonekana kwa sababu hakuna "huko chini" pa kukagua. Kazuo Fujikawa alilieleza jambo hilo kwa hisabati safi mwaka 1979: milinganyo inabaki na ulinganifu wake, lakini namna ya kuhesabu njia zote ambazo kwanta inaweza kuzipita haibaki nao. Ni maelezo sahihi na mazuri. Lakini swali la kijana yule linataka kuonyeshwa mahali.

Maboya

Kenneth Wilson alipendekeza mwaka 1974 kwamba nadharia ya kwaki iwekwe kwenye latisi. Lengo lake lilikuwa kuelewa kwa nini kwaki haitoki peke yake. Njia hiyo imezaa matunda mengi. Mwaka 2008, kwa mfano, kundi la wanafizikia wa Ulaya lilikokotoa tungamo la protoni na la ndugu zake kwa kompyuta kubwa, likakubaliana na vipimo kwa tofauti ya asilimia chache. Lakini tangu mwanzo fermioni zilileta tabu. Ukiiweka moja kwenye latisi kwa njia ya moja kwa moja, unazipata nyingi. Kwa vipimo vinne, vitatu vya nafasi na kimoja cha muda, unazipata 16.

Sababu yake inaonekana vizuri kwenye kamba ya maboya ya nyavu zilizotegwa Ghuba ya Mwanza. Chukua kwamba maboya yamefungwa kila baada ya mita moja, na kwamba hauoni maji, unaona maboya tu. Wimbi la mita 20 likipita, kila boya hupanda kitambo kidogo kabla ya jirani yake, na unasoma bila shida kwamba wimbi linaelekea ufukweni. Fupisha wimbi. Likifika mita 2, boya moja liko juu, la pili chini, la tatu juu, la nne chini, na huwezi tena kusema linaelekea wapi. Lifupishe hadi mita 1.9. Ukikokotoa, utaona maboya yanacheza sawasawa na jinsi ambavyo yangecheza kwa wimbi la mita 2.1 hivi linalokwenda kinyume, kutoka ufukweni kwenda ziwani. Likifika mita 1 kamili, maboya yote yanapanda na kushuka pamoja, kana kwamba wimbi halina mwisho wa urefu.

Kumbe kwenye maboya hakuna wimbi fupi kuliko mita 2. Ukizidi kufupisha, unarudi ulikotoka kupitia upande wa pili. Na kwa kuwa momenta ya kwanta ni ufupi wa wimbi tu, momenta kwenye latisi si mstari unaoendelea milele. Ni duara.

Rudi sasa kwenye grafu yetu. Tunataka fermioni inayokwenda kulia peke yake: mstari wa nishati unaopanda na kukata sifuri mara moja. Lakini momenta ikizunguka duara lote, nishati lazima irudi pale ilipoanzia. Mstari uliopanda ukakata sifuri lazima ushuke na kuikata tena. Na pale unapoikata ukishuka, kuna fermioni inayokwenda kushoto, ambayo hukuiomba. Iko kwenye momenta za maboya ya juu-chini-juu-chini, mbali kabisa na sifuri ya kwanza, lakini nishati yake ni ndogo vilevile, kwa hiyo ni chembe halisi kama mwenzake. Kila kipimo kinazidisha idadi mara mbili, na mara mbili mara nne ndiyo 16 ile.

Holger Nielsen na Masao Ninomiya walilithibitisha jambo hili kwa jumla mwaka 1981. Ukitaka latisi ambayo chembe zake zinaathiri majirani wa karibu tu, yenye chaji inayohifadhiwa na ulinganifu wa mikono ulio kamili wa kawaida, za kulia na za kushoto zitalingana kwa idadi. Huwezi kupata upande mmoja. Njia pekee ya kuufanya mstari usishuke ni kuukata uruke ghafla, na hilo linadai chembe iruke kutoka nukta moja hadi nyingine iliyo mbali sana. Fizikia ya namna hiyo haifai.

Na sasa jibu la swali la Nyegezi. Kwenye latisi, zile fermioni za kulia zilizotokeza zilikuwa za kushoto. Mstari unaopanda na mstari unaoshuka ni mstari mmoja uliofungika, na chini kabisa kuna bonde ambapo nishati inageuka. Uga wa umeme unazisukuma chembe kuzunguka duara: zinazama upande wa kushoto, zinapita bondeni, zinapanda upande wa kulia. Hakuna hata moja iliyotoka hewani. Chaji ya mkono haihifadhiwi kwa sababu huko bondeni kulia na kushoto havina tena maana. Ni majina yanayofaa kwenye nishati ndogo tu, karibu na sifuri.

Jambo hili si la karatasini tu. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa zikitanda ziwani, nyingi siku hizi ni za LED zinazochajiwa kwa jua. Ndani ya kila taa kuna fuwele, atomi zilizopangwa kwa umbali sawa. Hiyo ni latisi halisi, na momenta ya elektroni ndani yake huzunguka duara halisi. Nielsen na Ninomiya wenyewe waliandika mwaka 1983 kwamba fuwele za aina maalumu zingeonyesha anomali ya Adler, Bell na Jackiw. Ilichukua zaidi ya miaka 30. Mwaka 2015 fuwele ya tantalamu na aseniki ilithibitishwa kuwa na elektroni zinazotembea kama fermioni zisizo na tungamo, zikiwa jozijozi, kulia na kushoto, kama thibitisho la 1981 lilivyodai. Katika fuwele za jamii hii, uga wa sumaku ukielekezwa sambamba na wa umeme, ukinzani wa umeme unapungua, ingawa katika metali nyingi sumaku huuongeza. Ndiyo alama iliyotarajiwa ya chembe zinazohama mkono. (Vipimo hivyo vina mitego yake, maana mkondo ukipita vibaya ndani ya kipande cha fuwele unaweza kuiga alama hiyo, na wanaofanya kazi hiyo huhangaika sana kuuondoa mtego huo.)

Njia za kutokea

Kwenye kompyuta hatutaki zile 15 za ziada. Wilson aliongeza kipande kwenye mlinganyo kinachozipa tungamo kubwa, zikatoka mchezoni. Gharama yake ni kwamba kipande hicho kinauvunja ulinganifu wa mikono waziwazi. Watu walilalamika, lakini Luuk Karsten na Jan Smit walionyesha mwaka 1981 kwamba ndivyo ilivyopasa. Fermioni zote 16 zikibaki, nane zina mkono mmoja na nane mkono wa pili, na anomali zao zinafutana. Latisi ile ilikuwa na ulinganifu kamili kwa sababu haikuwa na anomali. Ukitaka fermioni moja yenye anomali kama ya maumbile, lazima kitu fulani kiuvunje ulinganifu. Kwa maneno mengine, latisi haikutudanganya kwa kuongeza chembe. Ilikataa kusema uongo.

John Kogut na Leonard Susskind walikuwa wamepita njia nyingine mwaka 1975: kuzigawa sehemu za fermioni moja kwenye nukta zinazofuatana, kwa zamu, ili za ziada zipungue. Nitairudia.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya David Kaplan, 1992. Yeye aliongeza kipimo cha tano. Fermioni za kushoto zinakaa kwenye ukuta mmoja, za kulia kwenye ukuta wa pili, na katikati chembe zote ni nzito. Ukiishi kwenye ukuta mmoja utaona chaji inatoweka bila maelezo. Ukitazama yote, utaona inapita katikati kwenda ukuta wa pili, jambo ambalo Curtis Callan na Jeffrey Harvey walikuwa wamelieleza mwaka 1985 bila latisi. Swali ni lilelile, zimetoka wapi, na jibu safari hii ni kipimo cha tano.

Halafu kuna mlinganyo uliosahaulika. Paul Ginsparg na Wilson waliandika mwaka 1982 sharti ambalo fermioni ya latisi ingelitimiza kama ingetokana na nafasi isiyo na mapengo kwa njia safi. Haikupatikana fermioni ya kulitimiza, na sharti likakaa kabatini kwa miaka 15 hivi. Mwaka 1998 Herbert Neuberger aliiandika fermioni hiyo waziwazi, na mwaka huohuo Martin Lüscher akaonyesha kwamba sharti lile lina ulinganifu wa mikono ulio kamili, hata nukta zikiwa mbalimbali. Ila ulinganifu wenyewe umebadilika umbo kidogo: unachanganya nukta moja na majirani zake, kwa kiasi kinachopungua kadiri nukta zinavyokaribiana. Thibitisho la 1981 halikuvunjwa, kwa sababu lilizungumzia ulinganifu wa umbo la kawaida. Na anomali ilitokea palepale Fujikawa alipoionyesha.

Hivi karibuni limeongezwa jambo linalonifurahisha mno. Mwaka 2024 Arkya Chatterjee, Salvatore Pace na Shu-Heng Shao walirudi kwenye fermioni za Kogut na Susskind, katika kipimo kimoja cha nafasi. Walionyesha kwamba humo kuna chaji mbili, zote zinahifadhiwa, zote zina thamani za namba kamili, na nukta zikikaribiana moja huwa chaji ya kawaida na nyingine chaji ya mkono. Unajiuliza: anomali imekwenda wapi, kama zote zinahifadhiwa? Iko kwenye uhusiano wao. Ukipima moja kisha nyingine, mpangilio wa vipimo unabadilisha matokeo. Katika lugha ya kwanta, hazibadilishani nafasi. Katika nafasi isiyo na mapengo zinabadilishana bila shida. Muundo wa hisabati unaozaliwa na kutokubadilishana huko ni ule aliouvumbua Lars Onsager mwaka 1944 alipokuwa akitatua tatizo la sumaku kwenye latisi bapa. Na wamethibitisha kwamba chaji hizo mbili zikihifadhiwa pamoja, mfumo hauwezi kupata pengo la nishati: lazima kuwe na misisimko ya nishati ndogo upendavyo. Hiyo ndiyo athari ambayo Gerard 't Hooft aliitarajia kutoka kwa anomali, maana alifundisha kwamba anomali ya nishati kubwa lazima ilipwe na chembe za nishati ndogo, hata mwingiliano uwe mkali namna gani.

Deni lililobaki

Hadi hapa ulinganifu uliovunjika ni ule ambao maumbile yanaweza kuukosa. Pioni inavunjika, hakuna janga. Hesabu yake ilitusaidia hata: kwaki bila "rangi", jina tu la aina ya chaji ya kwaki, zilitoa kasi ndogo mara 9 kuliko ile iliyopimwa, na tatu mara tatu ni tisa, ikawa ushahidi kwamba kila kwaki huja katika rangi tatu.

Lakini nguvu hafifu, inayosababisha aina fulani ya mionzi, inagusa chembe za mkono wa kushoto tu. Chien-Shiung Wu aliliona hilo kwenye kobalti mwaka 1957. Hapa ulinganifu ndio unaoishikilia nadharia yenyewe, na anomali ikibaki nadharia inaanguka. Kwa hiyo anomali za chembe zote lazima zifutane. Kwa kizazi cha kwanza, yaani familia ya chembe nyepesi zaidi, hesabu moja kati ya zinazohitajika ni rahisi kuifanya kichwani: elektroni −1, nyutrino 0, kwaki ya juu 2/3 kwa rangi tatu ni 2, kwaki ya chini −1/3 kwa rangi tatu ni −1. Jumla ni sifuri. Kwaki ya tano ilipogunduliwa mwaka 1977, hesabu kama hii iliwapa watu imani kwamba ya sita ipo, nayo ilionekana katika maabara ya Fermilab mwaka 1995.

Kuiweka nadharia hiyo ya mkono mmoja kwenye latisi bado hakujakamilika. Lüscher alifaulu kwa nguvu rahisi inayofanana na ya umeme. Kwa nguvu hafifu yenyewe, kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuikokotoa, kazi inaendelea. Wazo moja linalofuatwa, lililoanza na Estia Eichten na John Preskill mwaka 1986, ni kuziacha fermioni za mkono usiotakiwa ziingiliane kwa ukali kiasi kwamba zipate tungamo bila kuuvunja ulinganifu wowote. Hilo linaruhusiwa pale tu ambapo anomali zimefutana zote, hata zile ndogondogo zisizoonekana kwa michoro ya pembetatu, na hesabu hizo hupenda kundi la fermioni 16. Kizazi kimoja cha chembe zetu, ukikihesabia na nyutrino ya mkono wa kulia ambayo haijawahi kuonekana, kina 16 kamili.